Bwana Takwimu na Karatasi ya Pili

Bwana Takwimu aliweza kumchosha mtu kabla ya chai ya saa nne. Unaingia ofisini umelala vizuri, umekunywa uji wako, huna ugomvi na mtu, naye anakupokea mlangoni na swali: "Madam, yule fundi viatu wa Mafubira tuliyemhesabu jana, una hakika ni mtu mmoja?" Basi siku imeharibika. Utashinda ukimtafuta fundi viatu katika rejista tatu, na jioni utamkuta ni mmoja, kama ulivyosema asubuhi. Naye atatikisa kichwa aseme, "Vizuri. Sasa tunajua," na wewe utatamani kumpiga na faili.

Nilifanya kazi chini yake miaka mingi, Jinja, katika chumba cha nyuma cha ofisi za jiji, chumba chenye kompyuta mbili na feni iliyopiga kelele kuliko kupuliza upepo. Jina lake hakuna aliyelitumia. Watu walimwita Bwana Takwimu kama vile wanavyosema Bwana Shamba, na hata barua nyingine zilikuja zimeandikwa hivyo, naye akazifungua bila kulalamika. Mimi nilimwita Mzee nikiwa naye, na majina mengine nikiwa peke yangu.

Kazi yenyewe nitaieleza haraka, maana yeye alipenda kuieleza polepole na nimeapa sitamwiga. Serikali ina rejista nyingi. Kuna rejista ya leseni za biashara, kuna orodha ya waajiriwa wanaochangiwa akiba ya uzeeni, kuna orodha ya mishahara ya walimu na wauguzi, kuna majina ya waliomaliza vyuo vya ufundi. Kila moja imekaa kwenye ofisi yake na haijui habari za mwenzake. Sisi tulipewa ruhusa ya kuzikutanisha, jina kwa jina, ili mji ujue watu wake wanafanya kazi gani na wapi, bila kutuma watu kugonga milango. Kabla ya hapo Jinja ilikuwa ndani ya vitabu vya taifa chini ya neno moja tu, Mashariki. Tumefungiwa humo pamoja na Mbale na Soroti na kila mtu, na ukiuliza Bugembe ina mafundi wangapi, unaambiwa usubiri sensa.

Sharti la Bwana Takwimu lilikuwa moja. Mtu haingii kwenye hesabu ya wenye kazi mpaka rekodi mbili ziseme habari zake na zikubaliane. Rekodi moja aliiita uvumi. "Leta karatasi ya pili," ndiyo salamu yake kwa dunia. Alimwambia hivyo karani wa leseni, akamwambia mkubwa wake wa jiji, na nilikuwepo siku alipomwambia daktari aliyekuja kutueleza wauguzi wake ni wangapi. Daktari aliondoka bila kuaga.

Nisiseme ubaya wake tu, kuna mahali ukaidi huo ulitufaa. Tulipounganisha rekodi kwa mara ya kwanza, viwanda vya Jinja vilitoka vitupu. Moshi tunauona, malori yanatuziba barabara, lakini kwenye kompyuta hakuna wafanyakazi. Kumbe kampuni zinapeleka michango kutoka makao makuu, na makao makuu yako Kampala, basi kila mpakia magunia wa Jinja alihesabiwa kuwa mtu wa Kampala. Wakubwa walituambia tuache, ndivyo mfumo ulivyo. Bwana Takwimu akavaa kofia yake akaenda kwenye kiwanda kimoja cha mafuta ya kupikia, akaketi mbele ya mhasibu, mzee wa Kisikh aliyezaliwa hapahapa na anayesema Kisoga, lugha yetu ya hapa, kunishinda mimi.

"Bwana, watu wangu ni hawa," mhasibu alimwambia huku akimwonyesha dirishani. "Wewe unaona na macho yako."

"Naona, Bwana. Lakini karatasi yako inasema wako Kampala."

"Sasa wewe unaamini karatasi ama macho?"

"Mimi nataka karatasi ya pili."

Alimwendea mhasibu yule wiki kwa wiki. Walikunywa chai ya maziwa, wakagombana, wakaulizana habari za mafua, na mwishowe mhasibu akampa rejista ya lango, ile ya watu wanaotia sahihi wakiingia zamu, ili tu apate amani. Viwanda vingine vikafuata. Wafanyakazi wa Jinja wakarudi Jinja. Mimi nilileta soda kusherehekea. Bwana Takwimu akafungua yake, akanywa kidogo, akaniuliza kama walinzi wa lango nao wametia sahihi, au wanawaandikisha wengine tu. Walikuwa hawatii sahihi. Tukaanza upya.

Sasa nikueleze mambo yanayoniudhi zaidi, kwa sababu mtu mwenye kanuni anavumilika kama kanuni zake zinamfuata nyumbani. Zake hazikumfuata. Mtu huyu aliyekataa rekodi nzima ya zahanati kwa sababu tarehe zilikuwa zimefutwa kwa wino mweupe, alinunua dawa ya kuotesha nywele kwa mchuuzi wa stendi, akaipaka kipara chake mwezi mzima, na dawa ilipomtoa vipele akarudi kununua chupa nyingine kwa sababu mchuuzi alimwambia hiyo ndiyo dalili inafanya kazi. Saa yake ya mkononi ilikuwa mbele ya saa zote za mjini na aliiamini yenyewe, kwa hiyo alifika mikutanoni mapema, akaona watu hawapo, akaondoka. Neno "kama" hakulitaka kwenye hesabu, ukisema watu kama mia anakukata, lakini ukimwuliza nyumba aliyopanga Mafubira ina vyumba vingapi anafikiri kwanza.

Na kulikuwa na mchele. Yeye ni mtu wa upande wa Mbale, na kila akienda kwao alirudi na magunia, akamuuzia nusu ya ofisi na majirani wote wa Mafubira. Biashara nzuri, ya miaka. Siku moja ya uvivu nikamtafuta kwenye rejista ya leseni. Hakuwemo. Nikamgeuzia kiti.

"Mzee, wewe unauza mchele mji mzima na leseni huna."

"Ni kweli."

"Kwa hiyo kwenye takwimu zetu za wafanyabiashara wewe hupo."

Alifikiri. "Hilo ni pengo," akasema. "Liandike kwenye ukurasa wa maelezo." Na aliniangalia mpaka nikaliandika, si kwa jina lake bali kwa jumla, kwamba wauzaji wengine wa nafaka hawamo. Leseni hakuikata. Ukurasa wa maelezo, nikujulishe, ndio wa mwisho kwenye ripoti zetu, herufi ndogo, na katika miaka yangu yote sijakutana na mtu aliyeusoma.

Kuna jambo moja tu sikuwahi kumlaumu. Alisomea upande wa Kenya na Kiswahili ndicho kilichomtoka kwa urahisi. Sasa hapa kwetu Kiswahili kina historia yake, miaka mingi kilikuwa lugha ya askari wa vizuizini. Akimsalimia mzee yeyote wa umri fulani, "Habari ya asubuhi," utaona mzee anasimama wima, mikono ubavuni. "Nzuri, afande." Siku moja mama mmoja wa Bugembe aliingia kuuliza choo kiko wapi, Bwana Takwimu akamjibu kwa Kiswahili chake kilichonyooka, na mama akamwaga mezani kila karatasi iliyokuwa mkobani, kitambulisho, kadi ya kliniki, risiti za soko. Yeye alizikusanya moja moja akamrudishia. Tangu siku hiyo alijifunza Kisoga cha salamu. Alisema "Kodheyo" kwa lafudhi ya milimani iliyochekesha hata waliomwogopa, kisha akaendelea na mambo yake.

Nimeyasema hayo ili usidhani sikumpenda. Sasa nifike Bugembe.

Bugembe, kandokando ya barabara ya Iganga, kulikuwa na chuo kidogo cha ufundi chenye madarasa matatu, useremala, uchomeleaji na ushonaji. Wizara ikaandika kwamba fungu limepungua, chuo kibaki na madarasa mawili. Lipi lifungwe? Lile ambalo waliolimaliza hawapati kazi. Na hilo litajulikanaje? Kwa rekodi zilizounganishwa. Tulifurahi kama watoto. Miaka yote tumebishana na viatu vya Mafubira, sasa kuna mtu anataka jibu letu.

Tukachukua majina ya waliomaliza, tukayapeleka kwenye rejista za leseni na za akiba. Wavulana wa kuchomelea waliungana mara moja, karibu wote. Maseremala pia. Washonaji wakakataa. Jina baada ya jina, kompyuta inaandika neno lile lile, haijulikani. Ukisoma jedwali ungesema Bugembe imefundisha wasichana miaka yote wakaenda kukaa tu.

Mwalimu wao wa ushonaji alikuja ofisini siku hiyohiyo aliposikia. Mama mfupi, futi ya kupimia shingoni, hasira tupu. Yeye ndiye aliyetufumbua macho. Mwanaume, alisema, anaingia chuoni na jina lake, anatoka nalo, anaandika leseni kwa jina hilo mpaka anazikwa. Mwanamke je? Huyu ameolewa na Mwislamu, akasilimu, sasa ni Aisha. Huyu kibanda kimeandikwa jina la mume kwa sababu mume ndiye aliyetumwa kulipia. Na huyu amezaa pacha. Usoga, mwanamke akizaa pacha anaitwa Nabirye, na la zamani analiweka pembeni. Kumwita la zamani mbele ya watu ni kumvunjia heshima. Atakwenda kukata leseni, karani atamwuliza jina, atasema Nabirye, na karani naye ni mtu wa hapa, ataandika Nabirye. Namba ya kitambulisho haikuandikwa, maana kadi iko nyumbani na foleni ni ndefu.

"Kumbe kosa yao ni kuolewa na kuzaa," Mwalimu alisema.

Bwana Takwimu alimsikiliza mpaka mwisho. "Mwalimu, umesema kweli yote," akamjibu. "Nitaiandika kwenye ukurasa wa maelezo."

Nilidhani Mwalimu atampiga. Badala yake akaondoka, na siku ya pili yake, kwenye veranda yetu, tukawakuta. Alikuwa ameleta wanafunzi wake wa zamani, veranda imejaa mpaka ngazini, wengine na watoto mgongoni, wamevaa nguo walizoshona wenyewe, kila mmoja na leseni yake mkononi. "Mzee, hesabu," Mwalimu akasema. "Watu ndio hawa. Kazi wako nayo."

Bwana Takwimu alitoka nje. Alisema Kodheyo yake kwa kila mmoja, na waliozaa pacha akawaita Nabirye kwa adabu kamili. Akaagiza viti vya ofisi nzima. Akaagiza soda kwa pesa yake. Wakakaa, wakanywa, akawauliza habari za biashara. Mimi nikaona mambo yamekwisha, nikaenda kuwasha kompyuta. Akanifuata ndani akafunga mlango.

"Zima, Madam."

"Mzee, wako nje. Niwaandike namba za vitambulisho, nusu saa tu, tunaunganisha."

"Tuliapa tutakutanisha rekodi. Hatukupewa ruhusa ya kuita watu na kuwauliza. Hawa wameletwa na mwenye haja. Kesho maseremala nao watajaza veranda, na kesho kutwa mbunge ataleta watu wake. Tutawakataa kwa maneno gani?"

"Lakini unajua wana kazi."

"Najua," alisema. "Mimi siandiki ninachojua. Naandika kilichoungana."

Akaandika. Ile habari ya majina ya wanawake aliiandika vizuri, kwa herufi ndogo, ukurasa wa mwisho. Alimwandikia pia mkubwa wizarani barua ya kuomba muda na ruhusa ya kuuliza, jibu halikuja, na siku ya mwisho ilipofika alitia saini. Darasa la ushonaji lilifungwa. Vyerehani vilipakiwa kwenye lori, chumba kikafanywa stoo ya saruji ya wachomeleaji, na Mwalimu akarudi kwao Kamuli. Nilimchukia Bwana Takwimu. Nasema nilimchukia, sitafuti neno laini. Mpaka alipostaafu nilimpa salamu na ripoti, basi, hata mchele nikaacha kununua kwake. Yeye akaendelea kuniuliza habari za mafundi viatu kana kwamba hakuna lililotokea.

Leo mimi ndiye niliyekaa kwenye kiti chake, na feni ni ileile. Nilihangaika na ofisi ya leseni, nikawakalia vichwani, mpaka fomu ikaongezwa mstari wa jina jingine unaloitwa, na karani sasa harudishi chenji kabla ya namba ya kitambulisho kuandikwa. Tulipounganisha tena, wanawake wakatokea. Wa Bugembe wakatokea, hata wale wa darasa lililokufa, karibu sawa na wachomeleaji. Niliitazama ile safu nikaita watu wa ofisi ya pili waje waione. Halafu nikakumbuka chumba kile kimejaa saruji.

Mwaka huu nikatumwa Mbale kuwafundisha wenzetu mstari huo. Nilipomaliza nikampigia Mzee simu. Nilitaka kumwambia usoni. Nilitaka, kwa kweli, kumwona akiumia kidogo. Akanielekeza Nakaloke, nyuma ya soko, niulize mzee wa mchele.

Nilimkuta verandani, amezeeka, kipara kilekile. Upande wa pili wa veranda mwanamke alikuwa anashona sare za shule, lundo la kaptura za kaki limefika kiunoni mwake. Tuliletewa chai. Nikamweleza habari za fomu, mstari, namba, nikamweleza jinsi wanawake walivyotokea. Alisikiliza kwa furaha ya kweli. Akauliza kama karani anaandika mstari huo au anaweka kistari tu. Nikamwambia nimekagua.

"Vizuri," akasema. "Sasa tunajua."

"Mzee, tungejua wakati ule darasa lingekuwepo."

"Lingekuwepo," alikubali.

Mteja akapita barabarani akaita, "Nabirye, sketi ya mtoto bado?" Mwanamke wa cherehani akajibu, "Jioni, mama, kuja jioni." Nikageuka. Hatukuwa Usoga pale.

"Umeolewa kwetu?" nikamwuliza.

"Bugembe, Madam. Niko na pacha, wako shule. Bwana yangu alihamishwa kuja huku, lakini duka yangu ya kwanza ilikuwa Bugembe, karibu na stendi."

"Na kushona ulijifunza wapi?"

Akanitajia chuo. Akanitajia Mwalimu, futi shingoni na yote. "Huyu ni mtoto wangu," Bwana Takwimu akasema, kama mtu anayemtambulisha mgeni. "Wa kwanza. Anatumia jina la ukoo la bibi yake. Mikutano ya chuo alikuwa anakwenda mama yake."

Niliweka kikombe chini. "Ulimwona kwenye orodha?"

"Nilimwona."

"Ukamwacha haijulikani."

"Rekodi zake hazikuungana, Madam."

"Wewe ulijua ni mtu mmoja. Ulimwozesha wewe mwenyewe, umebeba hao pacha."

"Nilijua," akasema. "Wale wengine nao kila mmoja ana baba yake anayejua. Ila baba zao hawakuwa na ofisi."

Hasira zote za miaka ile zikanirudia. Binti ndiye aliyesema, akiwa ameinamia kaptura.

"Madam, usijichoshe na huyu. Mwalimu alinipigia simu siku ile, anasema tuende wote ofisini. Mimi nikakataa. Nilijua huyu atanisalimia kama mtu mgeni, na mimi singeweza." Akakata uzi kwa meno. "Siku ya kuweka saini alipita kwa duka yangu asubuhi. Akakaa kwa benchi ya wateja. Akaniambia, nimekuandika hatujui kama uko na kazi. Nikamwuliza, baba, hiyo suruali umevaa, nani ameshona? Akasema, ni wewe. Halafu akasimama akaenda kazini."